Namna ya Kupunguza Moshi wa Jikoni kwa Kuanza na Chungu cha Maharage

Nyumba nyingi za mijini Tanzania zenye mtungi wa gesi huutumia kwa chai, mayai na kupasha kiporo, kisha maharage, makande na nyama ngumu hurudishwa kwenye mkaa au kuni kwa kuhofia gesi kwisha mapema. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kwa upande wa afya utaratibu huo umekwenda kinyume, kwa kuwa moshi mwingi hutoka kwenye chakula kinachochemka kwa saa mbili au tatu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mtungi unaochemsha chai tu hautayanusuru mapafu ya mtu hata lengo hilo likitimia. Anayetaka kuilinda familia yake aanze na chungu kinachokaa motoni muda mrefu kuliko vyote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Kinachodhuru zaidi katika moshi ni chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikafika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, na baadhi yake zikapenya hadi kwenye damu. Kwa sababu hiyo madhara yake hayaishii kwenye kikohozi: yanahusishwa pia na kiharusi, maradhi ya moyo, saratani ya mapafu, mtoto wa jicho na kuzaliwa kwa watoto wenye uzito mdogo. Mtoto aliyebebwa mgongoni wakati mama anapika huvuta moshi uleule, naye hupumua haraka kuliko mtu mzima huku mapafu yake yakiwa bado yanakua.

Loweka maharage usiku kucha, uyamwage maji hayo asubuhi, kisha uyapike yakiwa yamefunikwa. Yakishaanza kuchemka, punguza moto, kwa kuwa moto mkubwa baada ya hapo hupoteza gesi bila kuyaivisha mapema. Wenye umeme wafikirie kununua sufuria ya presha inayotumia umeme, ambayo kwa kawaida huivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Mwenye friji na achemshe ya siku kadhaa kwa mara moja, ayagawe na kuyagandisha, halafu aunge kiasi anachokihitaji. Kabla ya kuamua kwamba gesi au umeme ni ghali, andika kwa mwezi mmoja fedha zote unazotoa kwa mkaa, maana mkaa wa kununua kwa kopo kila siku huonekana rahisi kwa sababu tu hakuna anayeujumlisha.

Mtungi wa gesi usimame wima mahali penye hewa, na mpira wake ukaguliwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Ukisikia harufu ya gesi, funga valvu, fungua milango, na usiguse swichi wala kiberiti, ukikumbuka kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutanda chini.

Asiye na gesi wala umeme anaweza kupunguza madhara kwa kupikia nje au chini ya banda lililo wazi, kwa kutumia kuni kavu zilizopasuliwa nyembamba, na kwa kuwaweka watoto mbali na moto. Jiko la ndani liwe na matundu ya hewa juu ya ukuta au bomba linalotoa moshi juu ya paa. Jiko banifu huokoa kuni na fedha, lakini lisichukuliwe kuwa kinga kamili. Utafiti mkubwa uliofanyika vijijini Malawi, ambao matokeo yake yalichapishwa mwishoni mwa 2016, haukuona nimonia ikipungua kwa watoto wa kaya zilizopewa majiko yaliyoboreshwa ya kuni, na watafiti wakataja kwamba watoto hao waliendelea kuvuta moshi mwingine, ukiwemo wa kuchoma taka. Kwa hiyo acha kuwashia jiko kwa mifuko ya plastiki, usichome taka karibu na nyumba, weka taa ya sola mahali pa kibatari, na mvutaji sigara atoke nje.

Mkaa uliokolea unahitaji onyo lake peke yake. Kwa kuwa hautoi moshi unaoonekana, watu huuingiza chumbani usiku wa baridi, na kila mwaka familia hupotea kwa njia hiyo. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo aliyelala hufa bila kuamka. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Jiko lisiingie chumbani kabisa. Watu wa chumba kimoja wakipatwa pamoja na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, watolewe nje mara moja na wapelekwe hospitali.

Kupunguza moshi hakuchukui nafasi ya chanjo. Nchini Tanzania chanjo ya nimonia hutolewa kliniki mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya kumpeleka kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, apelekwe wakati huohuo, hata kama ni usiku.