Agave za mapambo kwa sisi wa Mbeya: zisioze na hizi mvua

Nianze na mvua maana ndiyo inayomaliza agave huku kwetu. Huu mmea asili yake Mexico, ni ndugu kabisa wa mkonge, ule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta 1893 ukapandwa Tanga. Sasa kitu cha nchi kavu hicho unakipanda Uyole ambako mvua inaanza Novemba na inaachia Aprili au Mei, mizizi inashinda kwenye tope nusu mwaka. Mimi ilinifia moja kubwa ya kufika kiunoni, kwa nje nzima kabisa, majani ya chini tu ndo yalikuwa ya njano, nikashika jani la katikati nikavuta kidogo likachomoka lenyewe, kule chini limekuwa kama uji na linanuka. Ikifika hapo haiponi tena, angalia kama ina watoto pembeni ambao bado wagumu uwatoe haraka.

Kwa hiyo panda mvua zikishakata, Mei hivi, mizizi ishike kabla ya masika mengine. Usichimbe shimo ukaifukia kama mgomba, yani fanya kinyume, inua kichuguu cha sentimita 30 hivi afu panda juu yake, shina likae juu ya udongo maji yateremke. Udongo wetu mweusi unashika sana maji, changanya nusu kwa nusu na mchanga wa mtoni wenye chenga kubwa, au kama unapata yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea kwenye maji weka hayo, kwangu ndo yamefanya vizuri kuliko chochote. Samadi kidogo sana au acha kabisa. Na iwe sehemu ya jua, sio chini ya parachichi.

Kwenye chungu ni rahisi zaidi maana unakihamisha. Chungu cha udongo ni kizuri kuliko plastiki kwa sababu kinakauka haraka, ila hata ndoo ya rangi inafaa ukiitoboa matundu ya kutosha chini, na tafadhali toeni hivyo visahani, maji yanatuama pale. Kiangazi mwagilia mpaka maji yatoke chini afu uache, zamisha kidole, kama bado kuna unyevu subiri. Masika sogeza barazani.

Baridi nayo ina mambo yake. Ile yenye majani laini isiyo na miiba, Agave attenuata, ndo nzuri kwa nyumba yenye watoto lakini haiwezi sakitu, usiku wa Juni na Julai ukiiacha nje asubuhi unakuta majani yamelegea kama yamechemshwa. Ifunike na kiroba jioni, asubuhi toa. Agave americana inavumilia baridi vizuri, ila hiyo inatanuka mpaka mita mbili na zaidi na ncha zake zinatoboa kweli, usiiweke karibu na njia ya kupita watu. Ncha za majani unaweza kuzikata kwa mkasi wa kucha, mmea haudhuriki.

Miche usinunue kama jirani anayo, americana inatoa watoto wengi pembeni, omba tu. Kata kwa kisu kikali mtoto akiwa na mizizi yake, muache kivulini wiki nzima kidonda kikauke ndo upande, na usimwagilie siku za mwanzo. Vaa glovu, utomvu wake unawasha na kutoa vipele.

Kingine, siku ikitoa mlingoti mrefu wa maua, mita kadhaa kwenda juu, ujue inaaga. Inachanua mara moja tu maishani, baada ya miaka kumi au zaidi, kisha inakufa. Watu wanahangaika kuimwagia maji na mbolea wakidhani inaumwa. Iache imalize maua yake, nyuki watakuja wengi sana, we andaa vyungu vya watoto.