Kompyuta imewaka, programu ya duka imegoma: anzia hapa

Mvua ya alasiri ikianza kunguruma hapa Kisumu, mafundi wa kompyuta tunakaa karibu na simu. Stima hupotea, hurudi, kompyuta ya duka huwaka vizuri, ila programu ya mauzo haifunguki. Wengi hukimbilia kuifuta na kuisakinisha upya. Tafadhali, usianze na hilo. Mara nyingi programu yenyewe ni nzima. Kilicholala ni kitu inachokitegemea, na ukifuta ovyo unaweza kuondoka na rekodi zote za mauzo.

1. Piga picha ujumbe wa hitilafu. Usiufunge kabla ya kuusoma wote.

2. Washa upya kwa njia inayofaa. Kwenye Windows 10 na 11, ukichagua "Shut down" sehemu ya mfumo huweza kuhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile ukiwasha. Chagua "Restart", ndiyo huanza upya kabisa.

3. Tazama saa na tarehe. Zikiwa zimerudi nyuma miaka kadhaa, huenda betri ndogo kwenye bodi kuu ya kompyuta (mara nyingi CR2032) imekwisha. Ndiyo maana tovuti za serikali kama eCitizen au iTax hukataa kufunguka huku intaneti ipo: kivinjari huona vyeti vya usalama vya tovuti kama havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, kisha nunua betri.

4. Kagua huduma za nyuma ya pazia, yaani programu zinazojiendesha bila wewe kuziona. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo ninapopata jibu mara nyingi zaidi. Programu za maduka na famasi nyingi huweka data kwenye hifadhidata kama MySQL au SQL Server, na hizo zisipowaka, programu haina pa kusoma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `services.msc`, kisha tafuta jina la hifadhidata yako. Safu ya "Status" ikiwa tupu, huduma imelala. Bofya kulia, chagua "Start", ujaribu programu.

Ikifunguka, usiishie hapo, la sivyo kesho utarudia. Fungua "Properties", na kwenye "Startup type" weka "Automatic (Delayed Start)", ili huduma ingoje kompyuta itulie kwanza.

Ikikataa kuwaka, fungua `eventvwr.msc`, uangalie makosa mekundu ya dakika ile ile, chini ya "System" na pia "Application". Pengine diski imejaa, pengine nywila ya akaunti inayoendesha huduma imebadilishwa. Utakutana na ushauri wa kufuta faili za `ib_logfile` ili MySQL iwake. Usithubutu. Faili hizo hubeba miamala ambayo huenda bado haijaandikwa kikamilifu kwenye hifadhidata, na stima ilipokatika ghafla ndizo zinazoweza kuiokoa. Nakili folda nzima ya data kwenye flashi kwanza, umwite anayeijua MySQL.

5. Mashine ya kaunta haioni kompyuta kuu inayohifadhi data? Ruta ikizimika na kuwaka, inaweza kugawa anwani mpya za mtandao (IP). Kaunta inatafuta 192.168.1.10, na kompyuta kuu sasa ni 192.168.1.14. Kwenye kompyuta kuu fungua `cmd`, andika `ipconfig`, ulinganishe na anwani iliyo kwenye mipangilio ya programu. Kisha ingia kwenye ruta uitengee kompyuta hiyo anwani moja ya kudumu.

6. Pitia antivairasi. Huenda imefungia faili ya programu karantini. Irudishe tu ikiwa una hakika ilikotoka.

7. Mwisho, faili za Windows. Nakili data yako nje kabla ya lolote. Fungua `cmd` kama msimamizi, uendeshe `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, ambayo kwa kawaida huhitaji intaneti, kisha `sfc /scannow`. Halafu andika `chkdsk C: /f`, inayokagua diski, ukubali kwa Y, uwashe upya. Ripoti ikionyesha sekta mbovu (sehemu za diski zilizoharibika) zaidi ya sifuri, hamishia kazi yako kwenye diski nyingine wiki hii hii.