Kompyuta inagoma kuwaka kwa DVD: soma hapa kabla hujachoma diski ya tano

Mpwa wangu alinipigia simu akiwa ameshachoma DVD nne za Linux, mfumo endeshi alioutaka. "Mjomba, hizi diski zote ni feki." Kila akiwasha kompyuta yake ya mezani kwa diski, menyu inatokea, anachagua kusakinisha, taa ya DVD inapepesa, halafu skrini inaganda au mashine inajiwasha upya. Windows iliyomo ndani inafunguka bila shida. Tulikesha usiku mzima kwa kosa moja nitakaloeleza kwenye hatua ya 3. Hatua nyingine ni za dakika chache.

Hatua ya 1: Inafia wapi?

Ikifia kabla ya menyu, shuku diski, kiendeshi cha DVD au kebo yake. Kebo ya SATA ikikupa wasiwasi badilisha tu, usiihurumie. Ikifia baada ya menyu, shuku data iliyoharibika, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au kadi ya grafiki. Ikizimika ghafla kama iliyokatiwa umeme, ruka hadi hatua ya 5. Maandishi yakipita haraka, yarekodi kwa video ya simu.

Hatua ya 2: Ulichoma au ulinakili?

Fungua diski kwenye kompyuta nyingine. Ukikuta faili moja tu linaloishia na .iso (taswira nzima ya diski ndani ya faili moja), ulinakili. Choma upya kama taswira ya diski. Windows 7 na kuendelea ina kifaa chake cha kazi hiyo, na sioni haja ya kupakua programu nyingine yenye matangazo kila kona. Tumia DVD-R mpya. Zile za kuandikwa na kufutwa huakisi mwanga hafifu, na viendeshi vya zamani huzisoma kwa taabu.

Hatua ya 3: RAM, na kosa lililotukesha

Nilizijaribu diski zake kwenye kompyuta yangu. Mbili zikagoma huko pia. Nikahitimisha kwamba diski ni mbovu, tukachoma nyingine kwenye mashine yake ileile. Ikagoma. Tukapunguza kasi ya kuchoma, ikagoma. Tukapakua faili upya, ikagoma vilevile. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba uhakiki wa baada ya kuchoma ulipita kila mara. Haikunijia kwamba uhakiki ule unalinganisha diski na faili, na faili lenyewe lilikuwa limeshaharibikia ndani ya mashine ile ile.

Kilichofichua siri ni amri hii, kwenye dirisha la amri la Windows:

certutil -hashfile linux.iso SHA256

Inatoa alama ya kidole ya faili, yaani mstari wa herufi na tarakimu 64 wa kulinganisha na ule uliowekwa kwenye tovuti ulikopakua faili. Wetu haukulingana. Nikairudia kwa kudhani nimesoma vibaya. Mara ya kwanza mstari uliishia na 9c. Mara ya pili, faili lile lile ambalo hakuna aliyeligusa, ukaishia na 41. Faili haliwezi kujibadilisha likiwa limekaa. Kinachobadilika ni njia linamopita, na kila data hupita kwenye RAM.

Ndiyo maana Windows ilikuwa inawaka huku diski ikigoma. Mfumo unaowaka kwa DVD hauwezi kuandika kwenye diski, kwa hiyo kila unachohitaji kuandika unakiweka kwenye RAM, na mafaili yaliyobanwa hufunguliwa humo. Biti moja (0 au 1) ikigeuka, faili halifunguki. Skrini inalalamika kuhusu SQUASHFS (namna mafaili hayo yalivyobanwa) na kushindwa kusoma, nawe unailaumu diski. Nilipombana mpwa, akakiri kuwa kivinjari chake kimekuwa kikijifunga chenyewe kwa miezi. Alidhani ni kirusi.

Sasa fanya hivi. Kwenye kompyuta NYINGINE, iliyo nzima, choma Memtest86+, programu ya kupima RAM. Mashine za UEFI pekee (mfumo mpya wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS) zinahitaji toleo la 6 au jipya zaidi. Naipenda kuliko kipimo cha Windows kwa sababu inajiendesha bila mfumo wowote na inakuonyesha kila kosa linapotokea. Kabla ya kuanza, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya mfumo kuwaka) urudishe mipangilio ya kiwandani, hasa kama XMP, mpangilio wa kuikimbiza RAM haraka zaidi, imewashwa. Makosa yakipotea XMP ikizimwa, huenda RAM ni nzima ila inakimbizwa kupita uwezo.

Usifanye kama mimi, niliyeizima baada ya dakika 10 kwa kuwa hakukuwa na kosa. La kwanza lilikuja dakika ya 23. Iache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuihukumu.

Makosa yakitokea, zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, gusa chuma cha kasha, kisha bakiza kipande kimoja cha RAM. Pima. Weka kingine kwenye sloti ileile. Pima tena. Halafu kile kizima kihamishie kwenye sloti nyingine, maana huenda sloti ndiyo mbovu na RAM haina kosa. Kisukume mpaka kibano kilie. Miguu yake iliyopakwa dhahabu ifute kwa kitambaa laini chenye pombe ya isopropili. Wapo wanaosugua kwa raba ya penseli. Mimi sitaki makombo yake ndani ya sloti.

Hatua ya 4: Kadi ya grafiki

RAM ni nzima lakini skrini inakuwa nyeusi? Kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua kusakinisha) bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwishoni mwake ongeza nomodeset (inaiambia Linux isibadili mipangilio ya skrini), kisha bonyeza F10.

Hatua ya 5: Joto na pawa saplai

Puliza vumbi, hakikisha feni ya prosesa inazunguka, jaribu pawa saplai nyingine. Kapasita zilizovimba kichwa hazina tiba ya programu.

Hatua ya 6: Anza upya

Ukishaitoa RAM mbovu, usitumie tena faili wala diski yoyote iliyotengenezwa ikiwa bado imo. Nilipakua na kuchoma kwangu, ikasakinika mara ya kwanza. Mpwa akakiokota kile kipande kibovu cha RAM, akataka kukirudisha: "Mjomba, si bado kinaongeza GB 4?" Nikakivunja vipande viwili mbele yake.