Kabla ya kupigia mstari maandishi kwenye teminali (sehemu ya kuandikia amri)

Anza na kibodi. Zilizo nyingi Lubumbashi ni AZERTY ya Kifaransa, na alama unazohitaji zimejificha: bano la mraba ni AltGr na 5, mkwaju wa nyuma ni AltGr na 8, tarakimu zenyewe zinadai Shift. Kwa SSH (kuingia kwenye seva kwa mbali) mpangilio wa kibodi ni wa mashine yako. Ukikaa mbele ya seva yenyewe ni wa seva, na ikiwa QWERTY, ukibonyeza A utapata Q.

Kisha jaribu: `printf '\033[4mBei\033[24m\n'`. Namba 4 inawasha mstari, 24 inauzima. Usitumie `echo` kutoa alama hizi. Ya bash (ganda, yaani programu inayosoma amri) bila `-e` inatoa alama zilezile ulizoandika, ya dash, ganda jingine, inazitafsiri, kwa hiyo skripti moja inafanya kazi huku na kuharibika kule.

Angalia `echo $TERM`, inayotaja aina ya teminali yako. Ikijibu `linux`, uko kwenye konsoli tupu, na huko mstari kwa kawaida huonyeshwa kwa rangi tofauti; si hitilafu. Kwenye skripti ya kugawia wengine, `tput smul` na `tput rmul` ni salama zaidi, maana zinaangalia kwenye orodha ya mfumo teminali iliyotajwa na TERM inaweza nini. Lakini chini ya cron (inayoendesha amri kwa ratiba) TERM mara nyingi haipo, na tput italalamika.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni pale matokeo yanapokwenda. Yakielekezwa kwenye faili, alama zile zinaingia pamoja na maandishi, na atakayeifungua ataona takataka za `[4m`. Weka kwanza sharti la `[ -t 1 ]`, linalouliza kama matokeo yanakwenda kwenye teminali. Anayesoma kwa `less` (programu ya kusomea faili) aongeze `-R`.

Majedwali nayo yana mtego wake. Kuwasha na kuzima kunakula baiti 9 zisizoonekana, na `%-20s` ya printf (safu ya nafasi 20) inazihesabu zote, hivyo safu iliyopigiwa mstari inakuwa fupi kuliko jirani zake. Jaza nafasi kwanza, ndipo uzungushie alama. (Herufi é pia ni baiti 2 katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, basi "Quantité" itapinda hata bila mstari.) Kwenye PS1 (maandishi ambayo bash huonyesha kabla hujaandika amri), zifunge alama ndani ya `\[` na `\]`, la sivyo amri ndefu itarudi kuandikwa juu ya mstari uleule.

Mtandao ukikatika kabla ya 24 kufika, teminali yako inaweza kubaki imepigiwa mistari kila kitu. Andika `reset`, hata kama huoni vizuri unachoandika, kisha Enter.