Kufundisha pande za dunia kwa kivuli cha kijiti: darasa la nne

Watoto wengi huamini kwamba kaskazini ni juu, kwa sababu ramani wanayoijua imetundikwa ukutani. Ndiyo maana mimi hulianzia somo hili uwanjani. Saa nilizotaja ni za Dodoma.

Hatua ya 1. Siku isiyo na mawingu, simika kijiti kilichonyooka, chenye urefu wa mita 1, mahali tambarare. Kipime kwa uzi wenye jiwe, kwani kikiinama kidogo tu kazi yote huharibika.

Hatua ya 2. Saa 5:15 asubuhi, mwanafunzi apigilie kigingi penye ncha ya kivuli. Funga kamba kwenye shina la kijiti, ivute hadi kwenye kigingi, kisha chora duara.

Hatua ya 3. Kivuli kitafupika kikiingia ndani ya duara, kisha kitarefuka tena. Waache watoto wakipime wenyewe kwa rula kila baada ya dakika chache, nao watashangaa kuona kwamba hakiwi kifupi kabisa saa 6:00 kamili bali karibu na saa 6:36, kwa kuwa saa za Tanzania hufuata nyuzi 45 mashariki ilhali Dodoma iko karibu na nyuzi 36, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Dakika hizo hubadilika kidogo mwezi hadi mwezi. Kati ya saa 7:30 na saa 8:30 mchana, ncha italigusa duara tena. Hapo pigilia kigingi cha pili.

Hatua ya 4. Mstari unaotoka kigingi cha kwanza kwenda cha pili unaelekea mashariki. Mwanafunzi akiutazama upande huo, kaskazini iko kushoto kwake. Usiwafundishe kutegemea kivuli cha adhuhuri peke yake: mwezi Juni huangukia kusini, Desemba huangukia kaskazini, na mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba karibu kinatoweka.

Hatua ya 5. Tandaza ramani ya Tanzania chini, kaskazini yake ifuate kaskazini ya uwanja, kisha uliza Iringa iko wapi. Mikono ielekee kusini moja kwa moja. Kwa Dar es Salaam ielekee mashariki, kwa Arusha kaskazini, ikipinda mashariki kidogo. Baada ya hapo kila mtoto aonyeshe nyumbani kwao.

Mkirudi darasani, itundike ramani kwenye ukuta wa kaskazini, ili mtoto anayeitazama awe na mashariki ya kweli mkono wake wa kulia.