Umemaliza dozi ya TB, pumzi bado inakata
Makovu ya TB hubaki kwenye eksirei miaka mingi baada ya kupona, ndiyo maana wengine huanzishiwa tena dozi wasiyoihitaji. Makohozi yakipimwa na kukutwa hayana vimelea, omba rufaa kwa daktari bingwa wa mapafu. Kwa Tanzania, hospitali ya Muhimbili au ya Kibong'oto kule Siha. Beba filamu zenyewe za eksirei, hata ile ya zamani iliyojikunja, si ripoti tu: bingwa hulinganisha kovu la jana na la leo. Ulizia mapema kama siku hiyo wanapima spairometri, kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mrija. Salbutamol ya kuvuta, ile dawa ya kufungua njia za hewa, iache kwa saa 4 hadi 6 kabla ya kupuliza, la sivyo majibu yatakudanganya. Ukibanwa kweli, vuta tu, kisha mwambie mpimaji.