Betri ya gari: soma hapa kabla ya kuniuliza inakaa miaka mingapi

Nimechoka kujibu swali hili moja moja, kwa hivyo naliandika mara moja. Betri ya kuwashia gari hukaa miaka mitatu hadi mitano ikitunzwa. Kwa joto letu la Kisumu, hesabu mitatu, ikizidi ushukuru. Ila miaka peke yake haisemi mengi. Kuna betri changa zinakufa kwa kuachwa tupu uani gari likingoja logbook (hati ya umiliki), na kuna kuukuu bado zinawasha Probox za samaki kila alfajiri. Nunua testa, kile kipimo cha umeme, uache kubahatisha.

1. Pima asubuhi kabla hujawasha gari. Betri iliyolala usiku mzima ndiyo husema kweli.

2. Testa iwe kwenye volti za DC. Waya mwekundu chanya, mweusi hasi.

3. Volti 12.6 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu. Ikiwa chini ya 12, ichajiwe polepole, ilale, ndipo upime tena. Usiihukumu ikiwa na njaa.

4. Safisha vichwa vya betri kabla ya kulaumu chochote. Hapa ndipo watu huumia. Legeza HASI kwanza. Ukianza na chanya huku hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi tu ni cheche, na inaweza kung'ang'ania palepale kama iliyochomelewa. Betri iliyotoka kuchajiwa huwa na gesi ya haidrojeni. Cheche moja inatosha kuipasua na asidi ikakurukia machoni. Vua pete na saa ya chuma. Pete yangu mimi hukaa kwenye dashibodi nikiwa kazini, na sababu yake tuiache. Ule unga mweupe au wa kijani umwagie maji ya moto yenye magadi kidogo, yale ya kupikia mboga, ila yasiingie kwenye matundu ya betri. Sugua, suuza, kausha. Ukirudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Na usichomoe betri injini ikinguruma eti unapima alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Ujanja huo wa magari ya zamani unaunguza kompyuta za magari ya sasa.

5. Mwenzako apige stata, wewe tazama testa. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, imechoka. Nunua.

6. Injini ikinguruma, pima tena. Unataka 13.8 hadi 14.7. Ikiwa chini, angalia mkanda na alteneta, la sivyo hata betri mpya utaiua. Ikipita 15, betri inapikwa: maji yanakauka, mbavu zinavimba.

7. Dukani uliza ilitengenezwa lini, na ipimwe ukiona. Betri huzeeka hata rafuni.

MASWALI

Swali: Mkubwa, nina Vitz. Betri yake inakaa miaka mingapi?
Jibu: Soma juu.
Swali: Nimesoma, lakini hujataja Vitz.
Jibu: Betri haijui imefungwa kwenye gari gani. Pima, ulete namba.
Swali: 14.2.
Jibu: Gari lilikuwa linanguruma?
Swali: Ndiyo.
Jibu: Omera, rudi hatua ya kwanza.

Swali: Fundi, shemeji yangu wa Eldoret ana betri ya mwaka wa tano. Yangu hapa Kondele haikufika wa tatu, na tulinunua aina moja. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri hilo. Joto huharakisha kuliwa kwa mabamba ya madini ya risasi yaliyo ndani, na maji hukauka upesi. Eldoret iko juu ya mita 2,000, sisi tuko huku chini ziwani. Ila baridi nayo ina yake: betri hutoa nguvu kidogo na oili huwa nzito. Ndiyo maana betri iliyochoshwa na joto la Kisumu hukuaibisha siku ukilala kwenye baridi ya Timboroa. Egesha kivulini. Kama yako ina vifuniko vya kufungua, angalia maji kila mwezi; yafunike mabamba kwa kama sentimita moja. Tumia maji ya betri ya dukani pekee.

Swali: Ya mvua je?
Jibu: Yamepita kwenye mabati yako. Hapana.

Swali: Mimi fundi wangu huongeza asidi na betri hufufuka. Wewe unapinga kila kitu.
Jibu: Kinachokauka ni maji, asidi hubaki. Ukiongeza asidi inachangamka siku chache huku mabamba yanaliwa. Endelea na fundi wako.

Swali: Samahani fundi, gari la mume wangu hukaa Busia wiki tatu bila kuwashwa, na kila akirudi ni kulisukuma. Betri ni mpya. Inaweza kuwa traka, kile kifaa cha kufuatilia gari?
Jibu: Inawezekana sana, dada. Zima kila kitu, funga milango, toa waya wa hasi, kisha pitisha testa katikati ya waya huo na betri, ikiwa kwenye ampea. Subiri gari "lilale", kama nusu saa. Ikisoma chini ya miliampea 50, ni kawaida. Lakini hata hiyo 50 ni zaidi ya ampea-saa moja kwa siku, na betri ndogo ina kama 35 tu. Wiki tatu zinakaribia kuimaliza. Testa ikizidi 50, chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Usipige stata testa ikiwa hapo, utaiunguza. Akisafiri, alegeze hasi tu.

Swali: Ya zamani nitupe wapi?
Jibu: Usitupe. Rudisha dukani, wengi hupunguza bei ya mpya. Usimuuzie anayemwaga asidi mtaroni ili achukue risasi. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliugua kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Na ukiibeba kwa boda, isimame wima.